Ilipokuwa La Espiga

Mei 9

“Nchi ambayo nyumba zake hazina namba haiwezi kutengeneza mchezo wa kufikiri. Mantiki huanzia kwenye anwani.”

Hayo kayaandika Ólger Trigueros leo asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la watengenezaji wa michezo ya kompyuta wa San José, akijibu tangazo langu la kutafuta wenzangu wa kazi, lenye kurasa za kwanza za mchezo wangu. Watu wakamwekea vicheko. Mimi nikachuja kahawa, nikakaa chini kumjibu.

Tuanze na nyumba yake mwenyewe. Ólger anakaa mita mia mbili magharibi na hamsini kusini ya kilipokuwa kituo cha mafuta. Kituo hakipo, siku hizi pana benki. Na bado kila Ijumaa piza inamfikia ikiwa ya moto. Nani kafikiri hapo? Mwenye pikipiki. Kajua ni kituo kipi kinachosemwa. Kajua kwamba mita mia kwetu ni kutoka pembe ya mtaa hadi pembe inayofuata, hata kama ukipima kwa kamba utapata sabini na tano. Kajua kwamba “nyumba ya kijani” ilipakwa rangi ya maziwa mwaka juzi na majirani hawajakubali. Mtu huyo kalinganisha dalili tatu akiwa juu ya pikipiki, mvua ikimpiga usoni, halafu Ólger, huku mdomo umejaa jibini, anatuambia hatuna mantiki. Namba ya nyumba ni kitu kizuri sana kwa asiyetaka kufikiri.

Nimeituma. Kanijibu kwa kidole gumba.

Mchezo wangu unaitwa *Ilipokuwa*. Upo kwenye makaratasi, umetanda juu ya meza ya kulia chakula tangu Januari, mwezi ambao gazeti lilifunga safu yangu baada ya miaka ishirini ya kugombana na watu wazito. Mchezaji anapeleka keki za duka la mikate la La Espiga. Simu zinaingia, na kila mteja anataja anapokaa kwa vitu ambavyo havipo tena: mti uliokatwa, sinema iliyofungwa, kinyozi aliyefariki. Mchezaji asikilize, alinganishe, aondoe yasiyowezekana, mpaka ajue keki ipi ni ya nani. Akikosea, mjane analetewa keki ya waridi ya binti aliyetimiza miaka kumi na mitano. Hakuna maiti, wala mpelelezi wa koti refu.

Sijui kuandika programu, na nikichora farasi watu huona kochi. Nahitaji mtu wa programu na mtu wa kuchora. Novemba kuna maonyesho, na meza hupewa michezo inayochezeka tu. Nisipopata watu kabla mvua hazijaisha, *Ilipokuwa* itabaki makaratasi, na Ólger atakuwa amesema kweli.

Mei 10

Mvua baada ya chakula cha mchana. Watu saba niliowaita nyumbani Jumamosi ijayo wameniandikia, wakiniita doña kwa heshima: “Ndiyo kabisa, doña Hannia! Niweke!”

Mei 17

Hakuja hata mmoja.

Nilikuwa nimekaanga empanada, sambusa zetu. Nilikuwa nimeazima viti. Mvua ikaanza, ikapiga bati, ikaisha, na viti vikabaki vikinitazama. Nikampigia yule wa kwanza, aliyeandika ndiyo kwa herufi kubwa.

“Doña Hannia! Niko njiani, ndiyo naingia hapo kwako.”

“Nasikia bomba la kuogea.”

“Mvua hiyo, doña.”

“Kwetu imeshakatika.”

“Basi huku ndiyo inaanza. Pura vida, doña, nakuja sasa hivi.”

Usiku huu nataka kuandika juu ya hiyo ndiyo. Watu wa nchi hii tunajisifu kwa upole. Hatujawahi kumwambia mtu hapana, tunaona ni ushenzi. Tunasema ndiyo kabisa, tunasema pura vida, yaani maisha ni safi, tunasema sasa hivi, na tukibanwa sana tunasema tutaona. Mtu anakupa neno lake kama anavyokupa peremende, ili uache kulia. Kisha wewe unakaanga empanada. Ningependa mara moja maishani mtu wa San José anitazame usoni aseme: siji, mchezo wako haunivutii, wewe mwenyewe unanichosha. Ningemkumbatia.

Nimekula empanada tano kwa hasira. Sita.

Mei 18

Mvua. Wanne kati ya saba wameandika “Pole doña, wiki ijayo bila kukosa.”

Mei 25

Wiki ijayo imefika, imepita.

Juni 2

Nimepata ujumbe kutoka kwa mwanamke nisiyemjua, Ninoska Mairena, mchoraji. Naunakili wote:

“Siji. Wazo zuri, lakini mteja wako wa kwanza anaongea ukurasa mzima kabla hajataja anakaa wapi. Nililala. Punguza, kisha niulize tena.”

Nimeusoma mara nne. Nikapunguza. Mteja wa kwanza sasa anasema sentensi tatu, na lazima nikiri ni za moto kuliko ule ukurasa. Nikamuuliza tena.

Juni 8

Amekuja. Amekuja kabla ya wakati, mvua ikiwa bado mlimani, na mfuko wa rosquilla, biskuti ngumu za mahindi, zilizotoka Nicaragua. Ana miaka arobaini na moja, alizaliwa Managua, aliletwa hapa akiwa na miaka tisa, na mkate wake anaupata kwa kuchora meno kwenye vipeperushi vya madaktari. Alizunguka meza ya makaratasi kama fundi anayekagua gari bovu.

“Wewe mama, hapa kuna keki ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Weka saba.”

“Kumi na mbili ndiyo…”

“Saba. Na huyu kasisi mtoe. Yupo ili umtukane tu.”

Tukapigana mpaka kahawa ikapoa. Kasisi katoka. Keki ni tisa. Ninoska kaingia.

Juni 24

Jua, kama inavyokuwa kila mwaka siku za Mtakatifu Yohana. Ninoska kachora mtaa wote kwa penseli na wino, milango na nyaya za umeme na mbwa juu ya paa. Nimeutazama mpaka giza likaingia.

Mtu wa programu bado. Nimezungumza na kumi na mmoja. Wote ndiyo kabisa.

Julai 6

Ólger tena, kwenye kundi: “Vipi doña Hannia, keki zimeshaiva?” Vicheko. Mvua.

Julai 19

Leo imeingia faili bila salamu ndefu. Greivin Obando, miaka ishirini na tisa, anafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha jioni, amekulia mtaa wa Barrio Luján kama mimi. Alichukua mtaa mmoja kutoka kwenye tangazo langu la Mei, akautengeneza peke yake, ukawa unatembeka. Nikafungua. Nikatembea. Nikamjaribu: nikamwambia mpeleka keki aende mita mia kusini, kwenye mtaa mfupi ule wa reli ambao haufiki mita sitini.

Akasimama penye pembe. Juu ya pembe kabisa. Greivin hakuambiwa na mtu.

Nimemtumia sauti: “Kijana, umejuaje?”

Kanijibu kwa sauti, nyuma wanafunzi wakipiga kelele: “Umejuaje nini, doña? Mita mia ni mita mia.”

Julai 20 hadi 30

Sauti zinakwenda na kurudi. Anaongea taratibu, hasemi ndiyo kabisa. Nikimuuliza jambo anasema “ngoja nijaribu”, na kesho yake limekuwa. Ninoska anasema nimeanza kuimba jikoni. Uongo.

Agosti 2

Nusu ya nchi inatembea kwa miguu kwenda Cartago kuhiji kwa Bikira. Kundi kimya. Raha.

Agosti 15

Siku ya Mama. Kila keki ya mji huu inatafuta nyumba. Nimekaa dirishani kuwatazama wapelekaji wakisimama pembeni, wakimuuliza mtu, wakirudi nyuma. Nikamtumia Greivin sauti: huu ndio mchezo wetu, toka nje uutazame. Akajibu: “Nilishatoka, doña.”

Tumekubaliana kuonana uso kwa uso, Jumamosi ijayo, tuandikishane: watatu, mafungu matatu sawa. Nikamwambia tukutane palepale mchezo unapoanzia, ilipokuwa La Espiga. Akasema hapo ndipo penyewe.

Agosti 23

Naandika nikiwa na nguo zilizolowa. Sibadilishi. Nataka kuandika hivi nilivyo.

Nilifika ilipokuwa La Espiga kabla ya saa tuliyoagana, nimebeba michoro ya Ninoska ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ninoska yuko kwa madaktari wake wa meno, nilikuwa peke yangu. Pale siku hizi ni kiwanja cha kuegesha magari. Ukuta wa nyuma bado una weusi wa tanuri la doña Bertilia, mwenye La Espiga. Mvua ikaanza. Nikasimama chini ya mwavuli. Mtu hakuna.

Simu ikalia ujumbe: “Niko hapa, doña.”

Nikatazama kushoto, kulia, nyuma ya magari. Nikaandika: “Mimi pia niko hapa. Sikuoni.”

“Uko wapi?”

“Ilipokuwa La Espiga.”

“Ndipo nilipo mimi.”

“Kijana, hapa niko mimi na gari jekundu.”

“Doña, nimelowa. Nitumie ramani ya ulipo.”

Na hapo damu ikanipanda. Miezi mitatu nimesikia hiyo “niko hapa”. Nimeisikia ikitoka bafuni, ikitoka kitandani, ikitoka ufukweni Jacó na bahari ikisikika nyuma. Nikamwandikia: “Mchezo wetu ni wa watu wasiohitaji ramani. Ukitaka ramani, nenda kwa Ólger.” Nikazima simu. Nikasubiri zaidi, kwa sababu mimi nikisema nitasubiri nasubiri. Mwavuli ukapinduka. Maji yakaingia kwenye mfuko wa kwanza, mbwa wa Ninoska juu ya paa akawa doa la wino.

Nikarudi nyumbani, nikakaa hivi nilivyo, nikaandika kwenye kundi, mbele ya wote:

“Miaka ishirini nimeutafutia jina ugonjwa wa nchi hii, na leo nimelipata: unaitwa Greivin Obando. Ni mtu anayekuandikia *niko hapa* kwa mkono mmoja, huku wa pili unavuta blanketi. Hakuniambia hapana, Mungu apishe mbali, angeonekana hana adabu. Alinipa neno lake, nikalowa nalo. Chuo kinachomlipa mtu huyu kuwafundisha vijana kinawafundisha nini?”

Haina neno la kupunguza. Ninoska angesifu.

Agosti 24

Makofi arobaini na moja! Arobaini na moja, pamoja na Ólger. “Safi sana doña.” “Mtu alipaswa kuyasema.” “Kalamu yako haijazeeka.” Wote saba wa Mei wamo, akiwemo yule wa bomba la kuogea.

Greivin kaweka picha moja chini ya maneno yangu, bila kusema kitu: yeye mwenyewe, amelowa mpaka nywele, kasimama mbele ya ukuta uliopangwa matairi. Kisha katoka kwenye kundi. Ukuta! Mtu anaweza kulowa mbele ya ukuta wowote.

Nimempigia Ninoska kumsomea niliyoandika. Kanisikiliza mpaka mwisho.

“Chuo chake ulikitajia nini?”

“Ili iume.”

“Imeuma. Na mchezo sasa atauandika nani, makofi?”

Agosti 31

Mvua. Makofi hayajaandika mstari hata mmoja wa programu.

Septemba 4

Ólger kapiga simu. Anataka niende Escazú, kwenye ofisi ya kampuni yake ya michezo, tuzungumze “kama watu wazima”. Nimesema nitaenda. Imebaki miezi miwili.

Septemba 5

Ofisi yake iko ghorofa ya tisa na ina baridi ya friji. Kahawa inatoka kwenye mashine, inatema kikombe kama inakutukana. Ólger ananijua tangu shule ya upili, kwa hiyo ananiita dada.

“Dada yangu, nimeucheza ule mtaa mmoja. Una kitu.”

“Najua una kitu.”

“Nakupa mtu wa programu. Kuanzia Jumatatu. Novemba unakaa kwenye meza kubwa mlangoni.”

“Na wewe unataka nini?”

“Vidogo. Kwanza, namba za nyumba. Mtu wa Ulaya haelewi hii habari ya mti uliokatwa.”

“Ndiyo maana ni fumbo, Ólger.”

“Pili, maiti. Keki haziuzi. Mtu akifa jikoni, hapo sawa. Tatu, mji wenyewe tuupeleke kaskazini kidogo, ukungu, taa za gesi…”

“Kwa hiyo unaondoa anwani, unaondoa keki, unaondoa Barrio Luján.”

“Jina linabaki!” Kacheka, kanipiga begani. “Na yule kijana uliyemchinja, usijali. Kaniomba kazi, ndiye aliyenionyesha ule mtaa. Anaweza hata kuwa yeye huyohuyo ninayekupa.”

Nilikuwa na hapana tayari mdomoni. Nimeiandika mara mia, naifahamu ladha yake. Nikatazama mbwa aliyekuwa doa la wino, maana michoro nilikuwa nimeibeba. Nikawaza Novemba na meza tupu. Nikafungua mdomo na nikasema:

“Tutaona, Ólger.”

Mimi. Hannia Zeledón. Nimesema tutaona, nikamwagia na tabasamu juu yake.

Nimeshuka kwa ngazi ghorofa zote tisa ili nisijione kwenye kioo cha lifti.

Septemba 6

Mvua tangu asubuhi. Siandiki.

Septemba 14

Jioni ya taa, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Watoto wa mtaa mzima wamepita na taa zao za makaratasi, wakiimba wimbo wa taifa mbele ya wingu jeusi, na mvua kwa mara moja ikawa na heshima.

Ninoska alikuja walipokuwa wanapita. Nilikuwa sijamwambia habari ya Escazú, nikamwambia. Hakunikaripia. Alikuwa na bahasha kubwa, akaweka michoro miwili juu ya meza.

“Chagua.”

“Nini hii?”

“La Espiga. Uliharibu ule wa kwanza, nikaenda kuchora upya mahali penyewe. Mimi si wa huko, nikauliza watu. Mwenye duka la pembeni, mzee, akanipeleka kiwanja cha magari. Binti wa famasia akanipeleka chini, karibu na reli. Nikachora zote mbili. Sasa niambie, La Espiga ipi?”

Nikausukuma wa pili. “Hiyo haikuwa La Espiga. Doña Bertilia alipofunga, mwanawe alikwenda kule chini akabandika jina la mama yake juu ya mkate wa kugandisha. Ilikuwa aibu. Sisi hatukuwahi kuiita La Espiga.”

“Sisi kina nani?”

“Sisi tunaojua mkate.”

“Ilifungwa lini hiyo ya mwana?”

“Sijui. Kama miaka kumi na tano sasa.”

“Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na tisa, alipokuwa anatumwa mkate, alitumwa wapi?”

Nilikuwa natazama mchoro. Ninoska huchora kilichopo. Hajui kudanganya kwa penseli. Mlango wa chuma, ngazi mbili, na ukutani, yamepangwa safu kwa safu mpaka darini, matairi.

Nikatafuta simu. Nikafungua ile picha ya Agosti. Mlango wa chuma, ngazi mbili, na kijana aliyelowa.

“Hannia,” alisema Ninoska, “mchezo wako wote unahusu kitu kimoja. Kimoja tu. Na kilipokujia kwenye simu, kikiwa kimelowa, ukakitukana.”

Nimepiga meza mpaka vikombe vimeruka. Kwa kumkasirikia nani? Nilimkasirikia mwana wa Bertilia kwa jina aliloiba. Nilimkasirikia Greivin kwa kutosema tu “kwenye matairi”. Kwa nini asiseme kwenye matairi! Kwa sababu ni sisi. Kwa sababu hakuna mtu wa Barrio Luján atakayesema kwenye matairi wakati matairi yako pale mbele ya macho yake na mkate haupo.

Septemba 15

Bendera, ngoma za shule, mvua. Nimemtumia Greivin sauti. Amenizuia.

Septemba 22

Ninoska anazungumza naye. Anasema pale chuoni wanafunzi wamempa jina: Mwalimu Niko Hapa. Akiingia darasani wanaitikia wote, “Yuko hapa!” Mkuu wa chuo alimwita kumuuliza kama ni kweli. Mama yake aliletewa maneno yangu kanisani, yameandikwa kwenye karatasi.

Niliyaandika ili yaume. Yanajua njia, yamefika mpaka kanisani bila namba ya nyumba.

Oktoba 3

Mvua ya siku nzima na usiku kucha, ile ya Oktoba isiyopumzika. Nimemwambia Ninoska amfikishie Greivin hivi tu: kesho saa kumi, La Espiga yake.

Oktoba 4

Nilisimama mbele ya matairi. Mwenye duka akaniuliza mara mbili kama nina pancha.

Akaja, kajifunika koti la nailoni, mrefu kuliko nilivyodhani. Hakunipa mkono.

“Niko hapa,” akasema.

“Nakuona.”

“Ni vizuri kuonwa.”

Nikamwambia nilichokuja kusema, kwa kifupi, maana hata hasira yangu ilikuwa imelowa: kwamba alikuwepo, kwamba nilikosea, na kwamba nilikosea kwa dharau, kwa sababu mkate aliolelewa nao mimi niliuona si mkate. Akasikiliza akitazama ngazi.

“Ulikuwa mzuri,” akasema.

“Nini?”

“Mkate. Ulikuwa mzuri, doña. Asubuhi ulikuwa wa moto. Sikujua kama umegandishwa. Mama alinituma na baiskeli.”

“Sawa.”

“Sema ulikuwa mzuri.”

“Greivin, ule mkate…”

“Sema, au naondoka.”

Matairi yananitazama. Mwenye duka kaacha kazi, kaegemea mlango, anasubiri na yeye.

“Ulikuwa mkate,” nikasema. Mpaka hapo ndipo nilipoweza kufika. Akacheka kidogo, cheko la puani.

Tukaingia chini ya paa. Akasema amekuwa akiufikiria mchezo hata alipokuwa ananichukia, hasa alipokuwa ananichukia. “Tatizo lako, doña, wateja wako wote wana umri wako. Wote wanataja vitu unavyovikumbuka wewe. Mchezaji akishajua vitu saba vilivyokufa, basi, anacheza usingizini. Lakini kama mteja mmoja ana miaka themanini na mwingine ishirini? Wanasema maneno yaleyale, ‘ilipokuwa La Espiga, mita mia kusini’, na ni nyumba mbili tofauti. Kabla ya kuuliza wapi, mchezaji aulize: anayesema alizaliwa lini? Asikilize sauti, keki gani kaagiza, nani anamwita don kwa heshima. Kisha ndiyo atembee.”

Nimekaa na makaratasi yale tangu Januari. Sikuliona.

“Ólger kaniita Jumatatu,” akaongeza.

“Ukamwambiaje?”

“Tutaona.”

Nikacheka mpaka mwenye matairi akacheka naye bila kujua sababu. Kisha Greivin akaacha kucheka.

“Nitarudi kwa sharti. Usiniombe radhi hapa, hapa ni mimi na matairi. Iandike pale ulipoandika ile.”

Oktoba 5

Nimempigia Ólger. “Hapana,” nikamwambia. Akauliza hapana ipi, ya namba au ya maiti. “Zote. Na ukungu.” Akasema ninakosea. Huenda. Nimemshukuru kwa kuniita dada.

Oktoba 11

Mvua imepungua, milima imeonekana asubuhi. Greivin kaleta wateja wawili wanaofanya kazi: bibi na mjukuu wake, sentensi moja, nyumba mbili. Ninoska alipeleka keki kwa nyumba isiyo yenyewe, akatukana kwa Kinikaragua, akaanza upya. Tuna kitu kinachochezeka. Tunachokosa ni sauti. Mimi naweza kuwa na miaka hamsini na minne tu, na Greivin ishirini na tisa tu. Mchezo unahitaji watu wa umri wote waliokulia mji huu.

Haya ndiyo niliyoyabandika kwenye kundi leo, juu ya mengine yote, mahali palepale:

“Agosti niliandika hapa kwamba Greivin Obando ni jina la ugonjwa wetu. Greivin Obando alikuwa mahali aliposema yupo, saa aliyosema, kwenye mvua. Mimi nilikuwa kwenye La Espiga ya mama, yeye kwenye La Espiga ya mwana. Zote mbili ni La Espiga. Nililijua hilo na nililidharau, nikamtukana mbele yenu na mbele ya chuo chake. Nimekosa. Wanafunzi wake wamwache.

Sasa ninyi. Ninyi arobaini na mmoja mlionipigia makofi. Kati yenu saba waliniahidi kuja Mei, na wengine kumi na mmoja wakaniahidi baadaye. Hakuna aliyekuja, lakini wote mlikuwa na mkono wa kupiga makofi alipoanguka mtu wa programu pekee aliyekuja. Makofi yenu siyataki. Nataka sauti zenu.

Jumamosi, nyumbani kwangu, mita mia mashariki ya La Espiga ya mama, mita mia mbili kaskazini ya La Espiga ya mwana, mlango wa bluu, na ni bluu kweli. Mje na wazazi wenu. Mje na watoto wenu. Kila mmoja atasimama mbele ya kinasa sauti na kutaja ilipo nyumba aliyokulia bila kutumia kitu chochote ambacho bado kimesimama. Greivin atakuwepo, na kila atakayeingia ataanza kwa kumpa mkono.

Andikeni hapa chini, sasa, kila mtu kwa jina lake: nakuja, au siji. Nitamheshimu anayeandika siji. Wewe uliyeanza kuandika tutaona, futa.”